Kumjua Papa na Kukaa Naye Jirani

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki papa ni samaki ajulikanaye na watu wote, na pia ni samaki asiyejulikana. Sokoni kila mtu humwona. Nyama yake hutiwa chumvi na kuanikwa juani, na harufu yake humtangulia mchukuzi njiani. Zamani majahazi yaliyotoka Arabuni kwa pepo za kaskazi yalileta papa mkavu mwingi Unguja na Mombasa. Mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, yalipakwa mbao za vyombo ili zisiharibiwe na maji ya chumvi. Lakini huyo ni papa aliyekufa. Papa aliye hai, atembeaye katika maji yake mwenyewe, ni wachache wamjuao.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mtu aogopapo kitu asichokijua, hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama hukikimbia, ama hukiua. Wanadamu wamemfanyia papa yote mawili kwa muda mrefu. Siku hizi wako watu wanaojaribu njia ya tatu, nayo ni kumjua. Habari hii ni ya njia hiyo ya tatu, na ya gharama ya zile mbili za kwanza.

Kwanza yafaa kufahamu ya kuwa papa si wa namna moja. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 500. Wako walio wadogo, urefu wao shubiri moja tu. Tena yuko potwe, mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye aweza kupita urefu wa meta 12. Potwe huonekana sana katika kisiwa cha Mafia, mbele ya Kilindoni, tangu mwezi wa Oktoba hata Machi. Kinywa chake ni kipana ajabu, walakini chakula chake ni uduvi, dagaa na vidudu vidogo vya maji. Huko Kenya wavuvi humwita papa shilingi, kwa ajili ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni mwake mfano wa fedha. Meno yake ni madogo mno, wala hayamdhuru mtu.

Katika aina hizo zote, walio hatari kwa watu ni wachache. Watajwao kuliko wengine ni watatu: papa mweupe, papa mwenye milia, na papa wa Zambezi, ambaye huingia mitoni na kupanda mbali katika maji matamu. Basi mtu awaogopaye papa wote kwa hofu moja ni kama mtu amwogopaye paka wa nyumbani kwa sababu chui ni wa jamaa yake.

Papa hana mfupa hata mmoja. Kiunzi chake chote ni gegedu, kama ile iliyo katika ncha ya pua ya mtu. Papa wengi wakubwa hawana budi kuogelea mchana na usiku, ili maji yapite katika matamvua yao wapate kuvuta pumzi. Papa wa namna hiyo akizuiwa asiende, hufa maji kama mtu.

Tena papa anazo njia za kutambua mambo ambazo mwanadamu hana. Husikia mtikisiko wa samaki aliyejeruhiwa toka mbali, na harufu ya damu huifuata katika mkondo wa maji. Zaidi ya hayo, puani mwake mna vitundu vingi vyeusi vilivyojaa ute. Mtaalamu wa Italia, jina lake Stefano Lorenzini, aliviandika habari zake mwaka wa 1678, lakini hakujua kazi yake. Ilipita miaka karibu 300 kabla jambo hilo halijafumbuliwa vizuri.

Mwaka wa 1971 mtaalamu wa Uholanzi, Adrianus Kalmijn, alitoa habari za majaribio yake. Alichukua samaki mbapa wa jamaa ya gayogayo, akamfunika kwa kitu kigandishwacho kwa mwani, mfano wa faluda, akamfukia mchangani. Samaki huyo hakuonekana, wala harufu yake haikuweza kupita moja kwa moja. Hata hivyo papa mdogo aliyekuwamo tangini alikuja mpaka juu yake akaanza kufukua. Kalmijn akaongeza utando mwembamba wa plastiki usiopitisha umeme. Papa akapita juu bila kujua kitu. Mwisho akaondoa samaki kabisa, akafukia nyaya mbili zitoazo umeme hafifu sana, sawasawa na ule utokao katika mwili wa samaki. Papa akaja akafukua nyaya. Ndipo ikajulikana hakika ya kuwa papa huhisi umeme wa viumbe hai, na ya kuwa vile vitundu vya Lorenzini ndivyo mlango wake.

Kwa habari hizo mtu aweza kuelewa kwa nini papa humwuma mwanadamu. Mwanadamu si chakula cha papa. Papa mweupe hutafuta samaki, na akiisha kuwa mkubwa huwinda sili, mnyama wa bahari mwenye mafuta mengi. Katika maji machafu, au wakati wa alfajiri na magharibi, papa huona kivuli na kusikia mtikisiko, wala hajui ni nani. Tena hana mikono ya kupapasia. Mara nyingi kitu asichokifahamu hukijaribu kwa kinywa. Kwa hiyo watu wengi walioumwa na papa waliumwa mara moja, kisha wakaachwa. Walakini kinywa hicho ni kikubwa na meno yake hukata, na jeraha moja laweza kumwua mtu kwa kutoka damu.

Wala papa si mjinga kama watu walivyodhani. Huko Florida, katika Marekani, mtaalamu Eugenie Clark aliwafundisha papa kusukuma kibao cheupe kwa pua zao ili wapewe chakula. Walijifunza, na baada ya kipindi cha baridi cha wiki 10, ambacho hawakufanya kazi hiyo, walikuwa hawajasahau. Habari hizo zilitolewa mwaka wa 1959. Mnyama awezaye kujifunza ana desturi, na mwenye desturi aweza kujulikana.

Swali ni hili: je, watu wakaao karibu naye watautumiaje ujuzi huo? Jibu laweza kuonekana katika Afrika ya Kusini, ambako miji miwili ya pwani ilipatwa na hofu ile ile, ikachagua njia zilizo mbali mbali.

Mji wa kwanza ni Durban. Bahari yake ni ya vuguvugu, na watu huja kwa maelfu kuoga. Mwaka wa 1907 ulijengwa ua mkubwa wa chuma baharini ili waogaji wakae ndani. Mawimbi yakaula polepole, hata mwaka wa 1928 ukabomolewa. Kisha toka mwaka wa 1943 mpaka 1951 watu 7 waliuawa na papa katika pwani ya mji huo, karibu mtu mmoja kila mwaka. Kila mmoja alikuwa ameondoka nyumbani kwake kwenda kuoga tu. Si ajabu wenyeji walitaka jambo lifanyike. Mwaka wa 1952 nyavu zikatiwa mbele ya fukwe za Durban.

Pwani iliyo kusini ya mji huo haikuwa na nyavu. Tangu Desemba 1957 hata Aprili 1958 papa waliwashambulia watu huko mara kwa mara, na watu 6 wakafa. Hofu ikawa kubwa, wageni wakafunga mizigo wakarudi kwao. Ndipo mwaka wa 1964 ikaundwa halmashauri ya serikali ya kuangalia mambo ya papa, na nyavu zikaenea katika fukwe nyingine.

Watu wengi wadhani kwamba nyavu hizo ni ukuta. Sivyo. Kila wavu una urefu wa meta 200 na zaidi, na kwenda chini kwake ni meta 6, yapata pima 3 na kitu. Papa aweza kupita chini yake, au juu, au kando, na wako wanaonaswa upande wa ufuoni walipokuwa wakirudi baharini. Wavu hauzuii, wavu hunasa. Papa anaswaye hawezi kuogelea, na asiyeweza kuogelea hufa. Hivyo kazi ya nyavu ni kupunguza idadi ya papa walio karibu na pwani. Kwa upande wa waogaji kazi hiyo ilifaulu: tangu zilipotiwa, hakuna mtu aliyeuawa na papa katika fukwe za Durban zenye nyavu.

Yapasa kusema kweli juu ya jambo hilo, kwa kuwa maisha ya watu si kitu kidogo. Lakini yapasa vile vile kusema gharama yake. Wavu hauna macho. Humnasa papa wa Zambezi, na pia humnasa papa asiyemdhuru mtu. Humnasa kasa, pomboo na taa. Wasimamizi wa nyavu wenyewe waliliona hilo. Kila mwaka dagaa wanapopita pwani hiyo kwa makundi makubwa, wakifuatwa na papa na pomboo, nyavu huondolewa. Na mwaka wa 2007 sehemu ya nyavu iliondolewa, badala yake zikatiwa ndoana kubwa zenye chambo, zilizofungwa katika maboya, ambazo huwanasa wengine wachache zaidi.

Mji wa pili ni Cape Town, ulio mbali upande wa magharibi, ambako maji ni ya baridi. Karibu na mji huo iko ghuba kubwa iitwayo False Bay, na katikati yake kipo kisiwa kidogo kilichojaa sili. Wataalamu waliochunguza desturi za papa mweupe waliona jambo la maana. Wakati wa baridi papa walikaa kisiwani, wakiwinda sili hasa alfajiri, wakipanda juu kwa ghafula toka kilindini. Wakati wa joto waliondoka kisiwani wakasogea pwani, ndio wakati ule ule watu wanapoingia baharini kwa wingi. Basi hatari haikuwa kila mahali wala kila siku. Ilikuwa na majira yake.

Tena papa mweupe alikuwa amelindwa kwa sheria katika Afrika ya Kusini tangu mwaka wa 1991. Kumwua ovyo hakukuruhusiwa. Nyuma ya fukwe za Muizenberg na Fish Hoek iko milima, na mtu akaaye juu ya mlima huona chini ya maji yaliyo meupe kuliko yule aliye ufuoni. Kwa hiyo mwaka wa 2004 ilianzishwa kazi ya walinzi wa papa. Mlinzi mmoja hukaa mlimani kwa miwani ya jua na darubini, akitazama maji. Mwenzake hukaa ufuoni. Wa juu akiona kivuli cha papa, humwarifu wa chini, king'ora hulia, na watu wote hutoka majini.

Bendera zao ni nne. Ya kijani ni kusema kwamba maji yanaonekana vizuri na papa hajaonekana. Nyeusi ni kusema kwamba maji hayaonekani vizuri. Nyekundu ni onyo la kujihadhari sana. Nyeupe yenye picha ya papa mweusi ni kusema kwamba papa yupo, mtu asiingie. Huko Fish Hoek ulitiwa pia wavu wa namna nyingine, wenye matundu madogo, usionasa bali kuzuia tu. Ulitandwa asubuhi na kuondolewa siku ile ile.

Njia hii ina udhaifu wake. Mlinzi hawezi kuona katika ukungu au maji machafu; ndiyo sababu ya bendera nyeusi. Tena yataka utii wa kila mtu. Mwaka wa 2011, huko Fish Hoek, bendera ya papa ilikuwa imepandishwa na watu wametoka majini. Mtu mmoja aliingia. Papa akamshambulia, waliokuwa karibu wakamwokoa, akapona, lakini mguu mmoja alipoteza. Mlinzi alikuwa ameona, na bendera ilikuwa imesema. Wavu humlinda hata mtu asiyesikia, lakini bendera humlinda asikiaye tu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya miji miwili hii: katika mmoja bei hulipwa na wanyama wa bahari, katika wa pili hulipwa kwa uangalifu wa watu.

Baadaye ilitukia jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwaka wa 2015 walionekana katika False Bay nyangumi wauaji wawili, waliopewa majina ya Port na Starboard, maneno ya mabaharia ya upande wa kushoto na wa kulia wa chombo, kwa kuwa pezi la mgongoni la mmoja limelalia kushoto na la mwenziwe kulia. Hao huwaua papa na kula maini yao yenye mafuta. Mwaka wa 2017, katika pwani ya Gansbaai iliyo mashariki ya ghuba hiyo, papa weupe kadhaa walitupwa ufuoni hali maini yao yametolewa. Muda si mrefu papa weupe wakatoweka katika False Bay. Wataalamu wengine wasema nyangumi hao ndio waliowafukuza. Wengine wasema uvuvi pia ulikuwa umewapunguza.

Mtu angeweza kusema, afadhali, sasa bahari ni salama. Lakini mwaka wa 2025 wataalamu walieleza yaliyoonekana katika uchunguzi wa miaka zaidi ya 20. Sili waliongezeka. Papa wa aina nyingine, mwenye matundu 7 ya matamvua kila upande, ambaye zamani alijificha kwa kumhofia papa mweupe, alijitokeza akaongezeka naye. Lakini samaki waliwao na sili walipungua, na papa wadogo waliwao na yule wa matundu 7 walipungua pia. Papa mweupe alikuwa kama msimamizi wa soko: wakati alipokuwapo hakuna aliyemsifu, na alipoondoka vipimo vyote vikaharibika.

Ni vyema basi kulinganisha hesabu mbili. Kwa kawaida, katika dunia nzima, watu wapatao 60 au 70 huumwa na papa kila mwaka pasipo kumchokoza, na hufa 5 au 6 hivi. Kwa upande wa pili, wataalamu walikadiria mwaka wa 2013 ya kuwa wanadamu huua papa wapatao milioni 100 kila mwaka, kwa ajili ya nyama, mapezi na mafuta, na wengine kwa kunaswa tu katika nyavu zilizotegewa samaki wengine. Mwaka wa 2021 ilitangazwa kwamba papa na taa wa bahari kuu walikuwa wamepungua kwa sehemu 71 katika kila 100 tangu mwaka wa 1970.

Upungufu huo hauzibwi upesi. Dagaa huzaa mapema na kwa wingi, papa sivyo. Papa mweupe jike hafikilii umri wa kuzaa mpaka awe na miaka kama 30, na watoto wake ni wachache. Mvuvi aondoaye papa jike baharini huondoa pia watoto ambao wangezaliwa miaka mingi ijayo.

Habari hii yawahusu watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki kama iwahusuvyo wale wa kusini. Hapa mvuvi hamwui papa kwa hofu. Humvua kwa kuwa watoto wake wanahitaji chakula na ada ya shule. Si haki kumwambia mtu kama huyo aache tu, bila kufikiri atakula nini. Lakini ni haki ajue ya kuwa papa wadogo wavuliwao karibu na ufuo na katika maziwa ya mito ndio mbegu ya wale wakubwa, na ya kuwa shamba ambalo mbegu yake huliwa yote halina mavuno.

Kisiwani Mafia mambo yameanza kuonekana kwa njia nyingine. Potwe na wavuvi wa dagaa hutafuta mahali pamoja, maana penye uduvi na dagaa ndipo penye wote wawili. Mara nyingine potwe huingia wavuni, na wavuvi humfungulia njia atoke. Wageni hupanda mashua za wenyeji kwenda kumtazama, na fedha yao huingia kisiwani. Potwe mmoja akiuawa huuzwa mara moja. Akiwa hai huonyeshwa mwaka baada ya mwaka.

Na mtoto aendaye kuoga baharini, yapasa afanye nini? Asioge alfajiri wala magharibi. Asioge penye mlango wa mto baada ya mvua, maji yakiwa ya tope. Asioge wavuvi wanapopasua samaki na kutupa matumbo yao. Asiogelee peke yake, wala asiingie majini akiwa na jeraha litokalo damu. Akiambiwa na mkubwa kwamba papa ameonekana, atoke kwa utulivu, wala asirudi kwa sababu wenzake wanamcheka. Na akimkuta papa mdogo katika maji madogo, asimshike mkia. Wengi walioumwa na papa wadogo walianza wao.

Mwenye kuyashika maneno hayo hawezi kusema kwamba hatari imekwisha, maana ajali haina kinga, na bahari ni nyumba ya papa kabla ya kuwa mahali pa kuoga. Lakini ataingia majini akijua aingiapo ni kwa nani, na desturi za mwenye nyumba ni zipi.